Kuiandikia akili unde nia ya programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi, na wanaoanza kuandika programu kwa msaada wa akili unde (wengine huiita akili mnemba) na hata na watu wenye miaka mingi kwenye kazi hii. Mfano mmoja utarudi toka juu hadi chini: programu ya kikundi cha kuweka na kukopa, kikoba cha kawaida chenye hisa, mikopo, faini na mkutano wa kila wiki. Nimeuchagua kwa sababu wengi wetu tumewahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo na tunajua ubishi wa faini unavyoanza. Humu, neno "msaidizi" lina maana ya akili unde inayoandika msimbo (maagizo ya programu yanayofuatwa na kompyuta).

## Misingi

1. Andiko la nia ni nini?

Ni maandishi mafupi yanayosema programu ifanye nini, imfanyie nani, kwa sababu gani, na nini isikifanye kamwe. Halisemi msimbo upangwe vipi. Mweka hazina wa kikundi, ambaye hajawahi kuona msimbo maishani, anatakiwa aweze kulisoma na kusema, "Hapa sivyo tunavyofanya."

Wazo la kuweka nia kwenye maelezo ya mfumo si la jana. Mwaka 2000 Nancy Leveson, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani, alipendekeza kwamba maelezo ya mifumo yenye hatari, kama ule unaozuia ndege kugongana angani, yabebe "kwa nini" ya kila uamuzi pamoja na "nini" na "vipi". Andiko la kikoba ni jepesi kuliko hayo, lakini kanuni ni ileile: sababu ikae kando ya agizo.

2. Lina tofauti gani na prompti?

Prompti ni agizo la papo hapo, likishajibiwa limepita. Andiko la nia ni faili linalokaa pamoja na msimbo, linahifadhiwa kwenye Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya faili), na likibadilika inaonekana nani kalibadilisha na lini. Prompti yako ya leo inaweza kuwa fupi kabisa, "tekeleza sehemu ya faini kama ilivyo kwenye andiko," kwa kuwa mambo mazito yameshaandikwa.

3. Kwa nini nisizungumze tu na msaidizi mpaka programu ikamilike?

Unaweza, na kwa kitu cha kuchezea mwishoni mwa wiki sina pingamizi. Februari 2025 Andrej Karpathy, mtafiti wa akili unde, aliupa jina la "vibe coding" mtindo huo wa kuandika programu kwa kufuata hisia, bila hata kuusoma msimbo unaotoka, na yeye mwenyewe aliuzungumzia kwa miradi ya kutupa.

Fedha za watu hazimo katika kundi hilo. Shida ya mazungumzo marefu huanza wiki ya tatu: ulisema faini ni mara moja kwa mkutano, msaidizi akatekeleza, kisha ukafungua mazungumzo mapya kurekebisha ripoti. Mazungumzo yale ya kwanza hayapo tena mbele yake. Anaiandika upya hesabu ya faini kadiri anavyoona yeye, nawe huna mahali pa kumwelekeza.

4. Mwanaprogramu mwenzangu ananielewa kwa maneno machache. Kwa nini msaidizi hanielewi?

Mwenzako anakuelewa kwa sababu mnaishi mahali pamoja, na akikwama anakuuliza: "Kaka, hii faini ni ya kila siku au mara moja tu?" Msaidizi mara nyingi hatauliza. Ataona pengo, atalijaza, ataendelea. Msimbo utakaotoka utakuwa umepangwa vizuri na utaendeshwa bila kulalamika, hivyo hutajua kwamba palikuwa na pengo.

Analijaza kwa nini? Kwa mazoea aliyokutana nayo mara nyingi zaidi katika maandishi aliyofunzwa nayo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo haikuandikwa huku kwetu. Jaribu kumwambia "tengeneza fomu ya kumsajili mwanachama" usiongeze neno. Nimeletewa fomu yenye jina la kwanza na la ukoo tu, wakati Mtanzania huandikisha majina matatu. Nimeletewa barua pepe ikiwa ya lazima, ilhali mama anayeuza mbogamboga ana namba ya simu basi. Tarehe ya kuzaliwa ikaanza na mwezi. Na namba ya simu ikakatazwa kujirudia, kana kwamba hakuna mama na binti yake wanaotumia laini moja na wote ni wanachama.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokiomba, na hakuna nilichokikataza. Ndiyo maana nasema andiko la nia lina kazi moja kubwa kwetu kuliko kwa mtu wa California: pengo tunaloliacha hujazwa na maisha ya watu wengine. Kabla ya kumpa msaidizi kazi, jiulize mwenzako angekuuliza nini, kisha uandike majibu.

## Kuandika lenyewe

5. Nianzie wapi?

Anza na aya moja ya nia, kwa lugha ya watu. "Kikundi kina wanachama kati ya 15 na 30. Kila Jumamosi wananunua hisa. Leo hesabu ziko kwenye daftari moja, na daftari likipotea hakuna ushahidi. Programu hii ipo ili kila mwanachama aone hisa na deni lake kwenye simu bila kumsumbua mweka hazina." Aya hiyo inamwambia msaidizi mambo mengi: watumiaji ni wachache, simu ndiyo chombo, na ushahidi ni muhimu kuliko kasi.

Kisha andika sheria, sheria moja kwa sentensi moja, na kila sheria yenye ubishi uipe mfano wenye namba. Malizia na makatazo (swali la 8).

6. Naomba kuona sentensi mbaya ikigeuzwa kuwa nzuri.

Hii hapa, imetoka kwenye andiko la kweli nililoliandika mimi: "Mwanachama akichelewa kulipa, atozwe faini."

Kwa masikio ya kikao imekamilika. Kwa msaidizi ina mashimo kila upande. Kuchelewa ni kupita saa ngapi? Kulipa nini: hisa, mkopo, au mchango wa mfuko wa jamii? Faini ni shilingi ngapi, na inaongezeka kila siku? Anatozwa kwa kukatwa kwenye hisa zake, au inaandikwa deni? Na kama alituma fedha kwa wakati ila ujumbe wa mtandao ukachelewa kufika kwenye seva, kosa ni la nani?

Msaidizi alijibu maswali yote hayo peke yake. Faini ikawa inaongezeka kila siku, na inakatwa moja kwa moja kwenye hisa. Baada ya kurekebisha, sehemu ile inasomeka hivi:

> Nia: faini ipo ili fedha ziwahi mkutano. Si chanzo cha mapato ya kikundi.
>
> Muda wa mwisho wa kununua hisa ni saa 10:00 jioni siku ya mkutano (16:00, UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki).
>
> Malipo ya hisa yenye muda wa muamala uliopita hapo yanazaa faini ya TZS 1,000, mara moja tu kwa mkutano mmoja.
>
> Muda unaohesabiwa ni ule ulioandikwa na mtandao wa simu, si ule ambao seva ilipokea ujumbe.
>
> Faini huandikwa kama deni linalosubiri kuthibitishwa na mweka hazina. Mfumo haukati faini kwenye hisa.
>
> Mfano: muamala wa 15:58, ujumbe ukafika 16:20. Hakuna faini.
>
> Mfano: muamala wa 16:00:00. Hakuna faini. Muamala wa 16:00:01. Faini TZS 1,000.

Tazama ile mifano miwili ya mwisho. Mstari wa mpaka ndio unaoleta ugomvi, kwenye kikao na kwenye msimbo pia, kwa hiyo mfano uwekwe juu ya mpaka wenyewe. Mfano wa mtu aliyelipa asubuhi na mapema haumfundishi msaidizi chochote.

7. Kwa nini niandike sababu? Si inatosha kumwambia cha kufanya?

Kwa sababu sheria zako hazitatosha kufunika kila hali, na sababu ndiyo itakayoongoza pale sheria inapoishia. Msaidizi akijua kwamba faini si chanzo cha mapato, akikuta hali usiyoiandika ataelemea upande wa kumhurumia mwanachama. Bila sababu ataelemea popote.

Sababu pia hulinda msimbo unapohamishwa. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ilisambaratika chini ya sekunde 40 baada ya kuanza safari yake ya kwanza. Programu ya kupima mwelekeo ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Mojawapo ya hesabu zake iliachwa bila kinga, uamuzi uliofaa kwa mwendo wa Ariane 4. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda mlalo. Namba ikazidi nafasi ya biti 16 iliyotengewa, na kifaa kikazima. Sababu ya kuiacha hesabu ile bila kinga haikuwa imeandikwa ndani ya msimbo, mahali ambapo anayeuhamisha angeiona.

Leo msaidizi anaweza kuhamisha msimbo wa kikundi cha watu 20 kwenda kwenye SACCOS ya watu 2,000 kwa alasiri moja. Kama ulidhania wanachama hawazidi 30, iandike hiyo dhana, na uandike nini kiangaliwe upya wakizidi.

8. Kuna haja ya kuandika mambo ambayo programu isifanye?

Haja kubwa, na hapa ndipo ningemwomba mtu mwenye haraka atumie dakika zake zote. Msaidizi ana bidii. Ukimwomba kitufe kimoja anaweza kukupa kitufe, ukurasa wa mipangilio na barua pepe ya kukaribisha. Makatazo yangu ya kawaida kwa mifumo ya fedha ni haya:

> Hakuna rekodi ya fedha inayofutwa. Kosa husahihishwa kwa rekodi mpya inayoeleza kosa.
>
> Mfumo hautumi SMS usiku, kati ya 21:00 na 07:00.
>
> Deni la mwanachama halionyeshwi kwa mwanachama mwingine, isipokuwa viongozi watatu.
>
> Usiongeze maktaba mpya ya msimbo (msimbo uliotayarishwa na wengine) bila kuniuliza.

La tatu lina hadithi ndefu. Kuna mtu aliyeacha kuja mkutanoni kwa aibu ya orodha iliyobandikwa, na hakuna msimbo unaoweza kumrudisha.

9. Kuna maneno au miundo ya sentensi inayopunguza utata?

Ipo, na ni rahisi. Wahandisi wa intaneti walikubaliana tangu Machi 1997, katika waraka wa RFC 2119, kutenganisha uzito wa maneno. Kwa Kiswahili natumia matatu. "Lazima": hakuna mjadala. "Inapaswa": fuata, ila sababu nzito ikiwepo unaweza kuacha, na uiandike. "Inaweza": hiari. Angalia hilo la tatu, kwa kuwa "mwanachama anaweza kufuta ombi" huenda ikamaanisha ana uwezo au ana ruhusa. Ukimaanisha ruhusa, sema "anaruhusiwa".

Kwa sentensi zenyewe, mwaka 2009 Alistair Mavin na wenzake wa Rolls-Royce, waliokuwa wakishughulika na mahitaji ya mifumo ya kudhibiti injini za ndege, walionyesha kwamba miundo michache inatosha. Muundo wao unaitwa EARS. Mimi huuandika hivi: "Tukio X linapotokea, mfumo utafanya Y." "Muda wote ambao hali X ipo, mfumo utafanya Y." "Iwapo jambo baya X litatokea, basi mfumo utafanya Y." Mwandishi analazimika kuchagua kama anazungumzia tukio, hali au ajali, na kuchagua huko ndiko kunakomzindua.

10. Liwe refu kiasi gani?

La kikoba kizima lina kurasa nne. Likizidi kurasa kumi ligawe kwa sehemu (hisa, mikopo, faini, mgawo wa mwisho wa mzunguko) na umpe msaidizi sehemu inayohusika pamoja na aya ya nia na makatazo. Akimezeshwa kurasa 60 kwa mkupuo, sheria iliyo katikati huwa rahisi kupitwa.

## Lugha, saa na fedha

11. Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Andika kwa lugha ambayo mwenye kazi ataisoma na kuikosoa. Kama mweka hazina anasoma Kiswahili, andiko liwe Kiswahili, maana kosa atakalolinasa yeye hakuna mwingine wa kulinasa. Wasaidizi wakubwa wa sasa wanakisoma vizuri, ingawa maandishi yaleyale kwa Kiswahili kwa kawaida hula tokeni nyingi zaidi (vipande vya maneno ambavyo msaidizi huvisoma kimoja kimoja). Majina ya ndani ya msimbo yabaki Kiingereza ukipenda. Weka tu kamusi ndogo juu ya andiko inayosema "hisa", "mzunguko", "mgawo" na "mfuko wa jamii" vinaitwaje kwenye msimbo, la sivyo utakuta hisa ina majina matatu kwenye hifadhidata moja.

Kiswahili kina mitego yake, na inafaa kuijua. Wa kwanza ni -ki-. "Mtandao ukikatika, mfumo uhifadhi malipo kwenye simu." Ni mara moja, pale unapokatika? Au muda wote ambao haupo? Sisi tunasikia yote mawili kwa pamoja na hatusumbuki. Msimbo lazima uchague, kwa hiyo tumia miundo ya swali la 9.

Mtego wa pili ni a- ya nafsi ya tatu. "Mweka hazina akimtumia mwanachama risiti, apewe saa 24 za kuihariri." Nani apewe? Niliipitia sentensi kama hiyo mara tatu bila kuona tatizo, kwa sababu nilijua nilichokimaanisha. Wanachama wakaweza kuhariri risiti zao wenyewe. Rudia jina: "mweka hazina ana saa 24 za kuihariri". Sentensi inakuwa nzito kidogo, na iwe hivyo.

Wa tatu ni kauli ya kutendwa. "Mkopo utaidhinishwa" na nani?

12. Saa na siku niziandikeje?

Kwa namba za saa 24 kando ya maneno, kila mara. Saa mbili asubuhi ni 08:00, na msaidizi anayetafsiri neno kwa neno huandika 02:00. Nimeona ukumbusho wa mkutano ukiandaliwa kuamsha watu saa nane za usiku kwa kosa hilohilo. Taja pia UTC+3, kwa sababu seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma yetu kwa saa tatu.

Siku nazo zina utata. "Usiku wa Jumatatu" kwa mtu anayehesabu siku kuanzia magharibi ni usiku unaofuata Jumapili mchana. Kwa mwingine ni usiku baada ya Jumatatu. Andika tarehe. Na sikukuu za Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo andiko liseme wazi: "Tarehe ya Idd haiandikwi ndani ya msimbo. Katibu anaruhusiwa kusogeza mkutano hadi saa moja kabla ya muda wake, na mkutano ukisogezwa muda wa faini unasogea nao."

13. Na fedha?

Hifadhi kama namba kamili, taja sarafu, na taja senti. Kwenye ISO 4217, viwango vya kimataifa vya sarafu, shilingi ya Tanzania na ya Kenya zina tarakimu mbili za senti, ilhali shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina kabisa. Msaidizi aliyezoea dola anaweza kuzidisha kila kiasi kwa 100.

Kisha andika ukadiriaji. Mkopo wa TZS 100,000 kwa riba ya jumla ya 10%, ulipwe kwa miezi 3, unatoa awamu ya 36,666.67, fedha ambayo hakuna mtu anayeweza kuishika mkononi. Andiko letu linasema: awamu mbili za kwanza 36,700, ya mwisho 36,600, na jumla lazima iwe 110,000 kamili.

14. Programu inapokea malipo ya simu. Nini husahaulika?

Hali ya kutojua. Ukitumia ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja, kama lile la M-Pesa ya Kenya kupitia Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa), jibu huja baadaye likiwa na namba: 0 amelipa, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana. Msaidizi asiyeelekezwa huelekea kuandika mambo mawili tu, 0 amelipa na nyinginezo hajalipa. Lakini kuna wakati jibu halifiki kabisa: seva yako ilizimika, au intaneti ilikatika dakika ileile. Mwanachama amekatwa fedha, anayo SMS ya uthibitisho, na programu inamwambia hajalipa. Hapo ndipo imani kwa programu inapokufa.

> Hali za malipo ni nne: yanasubiri, yamelipwa, yamekataliwa, hayajulikani.
>
> Iwapo jibu halijafika ndani ya dakika 2, basi hali ni "hayajulikani", na mfumo utauliza hali ya muamala kabla ya kuruhusu ombi jipya la malipo hayohayo.
>
> Namba moja ya muamala inahesabiwa mara moja tu, hata jibu likija mara tatu.
>
> Mfumo haumwambii mwanachama "hujalipa" wakati hali ni "hayajulikani".

Hizo dakika 2 ni uamuzi wetu; wewe utakuwa na zako. Ila sheria ya namba ya muamala usiiache kwa mfumo wowote unaopokea fedha.

## Kufanya kazi na msaidizi

15. Naweza kumwambia msaidizi aandike andiko lenyewe?

Mpe kazi ya kuuliza kwanza. "Soma aya hii ya nia. Usiandike msimbo. Niulize maswali yote ambayo ungehitaji majibu yake, moja baada ya jingine." Yule ambaye haulizi kwa hiari yake huuliza vizuri sana akiagizwa. Majibu yawe yako au ya kikundi. Akiandika rasimu yeye, isome kana kwamba imeandikwa na mgeni aliyefika jana, kwa sababu mapengo yale ya swali la 4 yatakuwemo, safari hii yakiwa na sura ya sheria.

16. Nitajuaje kwamba amelifuata andiko?

Kwa majaribio yanayotokana na mifano yako, yaliyoandikwa kabla ya msimbo. Kila mfano wa swali la 6 ni jaribio moja, na jina la jaribio linataja sheria inayolindwa.

Andiko pekee halitoshi hata likiwa sahihi. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA walikipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika kwenye Mars. Waraka wa makubaliano ulitaka takwimu za msukumo zitolewe kwa newtoni-sekunde. Programu ya ardhini ikazitoa kwa vipimo vya pauni. Waraka ulisema ukweli. Majaribio ya kuhakikisha kwamba programu inaufuata ndiyo hayakutosha.

17. Msaidizi amebadilisha jaribio ili lipite. Nifanye nini?

Rudisha jaribio kwenye Git, kisha ongeza katazo: "Faili za majaribio ya sheria hazihaririwi. Jaribio likishindwa na ukaamini ndilo lenye kosa, simama unieleze." Nafanya hivyo mwanzoni mwa kila mradi siku hizi. Na usikatae moja kwa moja anapokueleza: mara kadhaa jaribio langu ndilo lililokuwa linapingana na andiko.

18. Msimbo na andiko vikipingana, kipi kinashinda?

Andiko, mpaka lirekebishwe. Ukigundua msimbo ndio wenye haki, badilisha andiko kwanza, liandikie sababu, ndipo uguse msimbo. Andiko lililoachwa nyuma ni hatari kuliko kutokuwa nalo, kwa kuwa msaidizi ataliamini.

19. Nahitaji zana maalumu?

Hapana. Faili la maandishi la kawaida linatosha. Mwaka 2025 Amazon walitoa Kiro, zana inayogawa kazi kuwa mahitaji, usanifu na orodha ya kazi kwa kutumia miundo ya EARS, na GitHub wakatoa zana ya namna hiyo, Spec Kit. Wasaidizi wengi pia husoma AGENTS.md, faili la maelekezo yao ndani ya mradi, ambalo ni mahali pazuri pa makatazo ya swali la 8.

## Hali ngumu

20. Naweza kumpa msaidizi daftari halisi la kikundi ili aelewe?

Usifanye hivyo. Majina, namba za simu na madeni ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria yake tangu 2019 na Tanzania ya mwaka 2022. Tunga wanachama watano wa mfano, ila watungwe kwa ukweli wa maisha: mmoja hana simu, wawili wanatumia laini moja, mmoja ana jina lenye ng', mmoja alijiunga katikati ya mzunguko. Watano hao watafichua makosa ambayo safu 500 za data nyoofu hazitayafichua.

21. Nina mfumo wa zamani usio na andiko lolote.

Mwambie msaidizi ausome na aandike mfumo unafanya nini sasa, sehemu kwa sehemu, bila kusahihisha. Kisha kaa na wanaoutumia, mpitie kila mstari: hili mnalitaka, au mmelizoea tu? Nia haimo kwenye msimbo. Imo vichwani mwao.

22. Mteja hajui anachotaka, anasema "tengeneza tu nitaona".

Usimuulize anataka nini. Muulize mara ya mwisho walipogombana ilikuwa juu ya nini. Atakueleza kwa dakika ishirini, na humo mna nusu ya sheria zako. Kwake yeye, kielelezo cha kurasa mbili anachoweza kukibonyeza kina faida kuliko maandishi, mradi ujue kielelezo hicho kinatupwa (swali la 3).

23. Nimeandika, nikafika mahali ambapo hata katiba ya kikundi haisemi kitu. Nichague mwenyewe?

Usichague, na usimwachie msaidizi achague. Niliwahi kusoma msimbo alioutengeneza kwa ajili ya kumwondoa mwanachama: kitufe kimoja, rekodi inafutwa, hisa zinarudi kwenye mfuko wa kikundi. Nikamuuliza katibu, "Mwanachama akifariki je?" Akanyamaza. Katiba yao ilikuwa na vifungu vya kuchelewa, matusi na simu kuita mkutanoni. Kifo hakikutajwa, wala mrithi.

Swali lilikwenda kikaoni Jumamosi iliyofuata na likachukua mikutano miwili. Wakati wakiendelea kujadili, andiko lilikuwa na mistari hii, na msimbo ukaifuata:

> Mwanachama anapofariki, mfumo unasimamisha faini na riba zake kuanzia tarehe ya kifo.
>
> Hisa zake zinabaki kwa jina lake. Hakuna kitufe cha kuzihamisha.
>
> Jina lake haliondolewi kwenye orodha, na simu yake haitumiwi ukumbusho.
>
> HAIJAAMULIWA: nani anapokea hisa. Msaidizi asijaze. Inasubiri kikao.